Tuta la Kwanza

Mwanangu unayenisikiliza, sogea kidogo, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nimewasikia mnavyobishana, ninyi vijana. Mnabishana vizuri kuliko sisi tulivyobishana. Mna hoja, mna ushahidi kwenye simu, na kila "kwa hiyo" yenu imekaa mahali pake. Nafurahi kuwasikia, wala sitaki mwache. Lakini ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi nilizoishi, siku ambayo watu wenye akili timamu walikaribia kuniangamiza kwa hoja ambayo sikuweza kuona ufa ndani yake. Mwanamke mmoja mzee wa Runzewe ndiye aliyenionyesha ufa ulipo, akiwa ameshika jembe.

Nilikuwa bado kijana, naitwa Milembe tu, kabla sijawa Mama Shija. Mwaka huo pamba yetu ya Shinyanga ilikauka ikiwa imefika magotini. Mume wangu akabaki nyumbani na ng'ombe, mimi nikaenda kupika kwenye machimbo ya dhahabu, porini ng'ambo ya Runzewe. Nilipika pamoja na msichana mmoja, Sabina, yatima, ambaye hapa duniani hakuwa na kwao pengine zaidi ya kile kibanda chetu cha turubai.

Wateja wetu walikuwa wachimbaji wa duara moja. Duara ndilo jina la shimo lao, na mwenye duara hilo aliitwa Nkwabi. Walikuwa Wasukuma, Wasumbwa, Waha, na wengine waliotoka mbali sana, Wakristo kwa Waislamu, wote wana vumbi la rangi moja. Walikuwa watu wa utani.

"Dada Milembe, wali wako leo una mawe kuliko duara letu!" mmoja angesema, Maduhu, kijana mrefu mwenye pengo.

"Basi yatoe mdomoni uyapeleke kusagwa," namjibu. "Huenda ukatajirika, ukaacha kula kwa mkopo wa maneno."

Tulicheka nao, lakini tulicheka nao kwa mbali. Kuzunguka duara ilifungwa kamba ya katani kwenye vijiti, na mwanamke hakuruhusiwa kuivuka. Tuliacha sufuria kando ya kamba, wao wanakuja kuchukua. Walisema dhahabu humkimbia mwanamke aliye kwenye siku zake, na kwa kuwa hawawezi kuuliza kila siku, ni heri wanawake wote wakae nje. Mimi ni Mkristo, nilibatizwa nikiwa msichana, nami sikuwahi kuihoji ile kamba. Niliizoea kama unavyozoea mlango mfupi: unainama, unapita, hufikirii.

Siku moja hewa iliharibika chini ya shimo. Tulisikia kelele, kisha tukaona wanaume wawili peke yao juu wakivuta kamba, wenzao wote wakiwa bado ndani. Maduhu akatoka amelegea kama nguo iliyolowa. Wale wawili wakawa hawajui wamshike yeye au wawashushie kamba wenzao. Sikufikiri, mwanangu. Niliruka ile katani na dumu la maji. Sabina akanifuata, akavua kanga yake begani akaanza kumpepea. Tulimmwagia maji kichwani, tukamgeuza, tukamwita jina lake na la mama yake mpaka akakohoa. Wale wawili wakapata nafasi ya kuwatoa wenzao. Hakufa mtu. Jioni walitushukuru sana, na Maduhu akala wali bila kuutania.

Haikupita wiki, mwamba ukapotea. Mwamba ni ule mkanda wa mawe yenye dhahabu ambao wachimbaji wanaufuata chini kwa chini. Walikuwa wanaufuata vizuri, unene wa mkono, kisha ukakatika ghafla, mbele yao mawe matupu. Wakachimba kulia, wakachimba kushoto. Hakuna.

Nkwabi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ningependa nikuambie alikuwa mjinga au katili, hadithi ingekuwa rahisi. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa haki, mgao wake haukuwahi kulalamikiwa, na alijua kufikiri. Aliwakusanya watu wake karibu na kibanda chetu, nasi tukasikia kila neno.

"Tusigombane," alisema. "Tufikiri. Mwamba ulikuwepo, au tuliota?"

"Ulikuwepo."

"Dhahabu humkimbia mwanamke aliye mwezini. Kuna asiyejua?"

"Tunajua wote."

"Sasa imekimbia. Kwa hiyo imekutana na mwanamke. Waliovuka kamba ni nani?"

"Milembe na Sabina."

"Kwa hiyo ni mmoja wao, au wote wawili. Mimi simwonei mtu. Kesho asubuhi waje waseme. Aliye safi atabaki na kazi yake. Mwenye kosa atatoa mbuzi mweusi, kibanda chake kitachomwa moto, na ataondoka. Na machimbo mengine yataarifiwa."

Hilo la mwisho ndilo nililoliogopa kuliko yote. Mwanamke akitajwa hivyo, habari inamtangulia kila aendako, Buseresere, Geita, popote penye shimo. Hatauza hata maji.

Nikageuka kumwangalia Sabina. Alikuwa ameshika mwiko, haukorogi chochote. Mimi nilijua na yeye alijua kwamba najua: siku ile ya ajali alikuwa kwenye siku zake. Mimi ndiye niliyempa kitambaa asubuhi ile.

Alfajiri niliondoka nikaenda Runzewe kwa mguu. Kabla ya kuhamia kibandani nilikuwa nimepanga chumba pale kwa mjane mmoja, Bibi Kashinje, mama wa kanisa, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, anainua matuta ya viazi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, kama inavyompasa mama.

"Mwangaluka, ng'wanone. Mbona unahema hivyo?" Aliniita mwanawe kila siku, ingawa hatukuwa na undugu.

Nikamweleza yote. Kisha nikamwambia, na nilisema kwa furaha: "Lakini nimepata jibu, bibi. Mimi ni mjamzito. Hata wakitaka kwenda na mimi zahanati, twende. Mjamzito haingii mwezini. Kwa hiyo mimi siwezi kuwa ndiye. Hawana pa kunishika."

Bibi Kashinje aliegemea jembe. "Jibu zuri," alisema. "Limenyooka kabisa. Na Sabina?"

"Sabina atajieleza mwenyewe."

"Atajielezaje?"

Nilitazama viazi.

"Nakuuliza, Milembe. Ukishatoka wewe kwenye wawili, anabaki nani?"

"Anabaki yeye," nikasema. "Lakini bibi, mimi sijamtaja."

"Huna haja ya kumtaja. Hesabu yako itamtaja." Akaliweka jembe begani. "Njoo huku."

Akanipeleka mpaka mpakani mwa shamba lake. Jirani yake alikuwa kijana mgeni, bidii tupu, amelima eneo kubwa. Matuta yake yalikuwa mazuri, mwanangu, nakuambia kweli. Yamenyooka kama yamepigwa rula, nafasi kati ya tuta na tuta ni ile ile kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ila yalikuwa yanashuka na mteremko badala ya kuukata. Mvua iliyokuwa imenyesha ilikuwa imepita kwenye mifereji yale matuta yaliyoitengeneza, ikabeba udongo wote mzuri hadi kwenye korongo. Mbegu zilikuwa nje, zimeanza kukauka.

"Tuta lile la katikati lina kosa gani?" bibi akauliza.

Nikaangalia. "Halina kosa. Limelifuata la kabla yake."

"Na la kabla yake?"

"Nalo limelifuata la nyuma."

"Basi kosa liko wapi?"

"Kwenye tuta la kwanza. Alilielekeza vibaya."

"Kabisa. Na kadiri alivyokuwa makini kufuata, ndivyo alivyozidi kuharibu. Angekuwa mvivu, matuta yake yangepinda pinda, huenda udongo kidogo ungebaki." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa ungemshauri nini? Anyooshe tuta lipi?"

"Hakuna la kunyoosha. Ayavunje, aanze upya, akate mteremko."

"Nawe unataka kwenda kule ukanyooshe tuta lako moja la katikati, lile lenye jina la Milembe, ukae juu yake salama, na mvua ipite na Sabina. Na baada ya Sabina, mwingine. Kwa sababu mwamba utakatika tena mahali pengine, na watatafuta mwanamke tena. Wewe utakuwa umewasaidia. Utakuwa umesimama mbele yao ukasema: ni kweli dhahabu humkimbia mwanamke, ila si mimi."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Alikuwa mpole, lakini hakuwa mtu wa kukubembeleza kabla hujaelewa.

"Unamkumbuka yule kipofu tangu kuzaliwa?" akaniuliza. "Wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Wakampa Bwana vitu viwili achague. Alichagua kipi?"

"Hakuchagua. Alisema si yeye wala si wazazi wake."

"Hakuchagua. Swali lao lilikuwa limeshaamua kwamba kila taabu ina mkosaji, limebaki kumpata tu. Bwana hakuanza kumtafuta. Aling'oa lile tuta la kwanza, kisha akamgeukia yule mtu akamponya. Nenda, ng'wanone. Wakikupa uchague, usichague. Na usiwaambie kama ulikuwa mwezini au hukuwa. Hilo halihusiani na dhahabu, na asiye mumeo halimhusu."

Akaniombea pale pale kwenye udongo, mkono wake una tope kichwani pangu. Nikarudi nikitembea haraka. Niliogopa, sikufichi. Lakini nilikuwa nimeshajua nitasimama wapi, na mtu akijua atakaposimama, hofu haimzuii kutembea.

Walikuwa wameshakusanyika. Sabina amekaa chini, kanga usoni. Nkwabi akaniambia kwa heshima, "Dada Milembe, tuambie. Siku ile ulikuwa kwenye siku zako?"

"Sitakujibu hilo, kaka," nikasema. "Na Sabina hatajibu."

Kelele zikaanza. "Amekiri!" mmoja akapaza. "Asiye na kosa hafichi!"

Nkwabi akawanyamazisha kwa mkono. "Kwa nini hujibu?"

"Kwa sababu nina swali lililo kabla ya lako. Umefikiri vizuri jana, nilikusikia. Kila hatua imefuata nyingine. Mimi nauliza ile hatua ya kwanza. Kwamba dhahabu humkimbia mwanamke. Hilo umelitoa wapi?"

"Linajulikana."

"Duara la jirani limepoteza mwamba mwaka huu huu. Kule hakuna mwanamke aliyewahi kuvuka."

"Basi alivuka wasimwone."

"Na hapa mwamba ungeongezeka baada ya sisi kuvuka, mngesemaje?"

Mzee mmoja kati ya wachimbaji akadakia, "Tungesema mbuzi tuliyemchinja tulipofungua shimo ana nguvu kuliko ninyi!" Watu wakacheka, hata mimi nikatabasamu.

"Mnaona?" nikasema. "Mwamba ukipotea, ni mwanamke. Ukipotea bila mwanamke, alikuwepo hakuonekana. Ukiongezeka, ni mbuzi. Kaka Nkwabi, kuna jambo gani linaloweza kutokea shimoni humu ambalo lingekuambia kwamba umekosea?"

Nilimwona anatafuta jibu kweli kweli, macho yake yametazama chini. Ndiyo maana namheshimu mpaka leo.

Kisha Maduhu akasimama. Alikuwa bado anakohoa. "Mimi naomba kuuliza kidogo," alisema. "Siku ile wangeheshimu kamba, mimi ningekuwa wapi?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Ningekuwa kwenye udongo. Na mwamba ungekuwepo, kwa hesabu yenu. Basi nielewe: mnasema ilikuwa bora nife ili mawe yasikimbie? Kama ndivyo, semeni kwa mdomo, nisikie nani anasema."

Wanaume wakatazamana. Ule mdomo haukupatikana.

"Basi wewe, Milembe," Nkwabi akasema, sasa sauti imeshuka, "unataka tuanzie wapi? Maana lazima mtu aanze mahali."

"Anzia kwa Maduhu," nikamwambia. "Mungu alimwumba yeye kwa mfano wake, mawe hakuyaumba hivyo. Dunia hii na vilivyo chini yake ni mali ya Mungu, wala havina macho ya kumchagua mwanamke na mwanamume. Anzia hapo, kisha fikiri kwa akili hiyo hiyo uliyo nayo. Sina shaka nayo."

Nkwabi akawageukia watu wake. Halafu akasema, "Hakuna atakayefukuzwa. Anayeona nimekosea, mgao wake upo, achukue aende."

Karibu nusu walikwenda. Wengine walitema mate walipopita mbele ya kibanda chetu. Na mwamba, unaniuliza? Mpaka naondoka pale kwenda kujifungua, haukuonekana. Naomba ulisikie hilo vizuri, kwa sababu wapo watakaopenda nikuambie dhahabu ilirudi kesho yake, ikatuthibitishia. Haikurudi. Kweli yetu haikuhitaji dhahabu ishuhudie. Sabina alibaki na sufuria zake, akaja kuolewa na kufungua mgahawa wake Runzewe. Na siku moja tulimwona Nkwabi amefungua ile katani anafungia mzigo wa kuni.

Sasa, mwanangu, nisikilize. Akili ni zawadi ya Mungu, itumie kwa nguvu zote. Lakini akili ni kama yule kijana mwenye jembe: itafuata kwa uaminifu mstari wowote utakaoipa. Haitakuuliza kama mstari wa kwanza ni sahihi. Hiyo ni kazi yako. Hoja ikinyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, hujajua bado kama ni ya kweli. Umejua tu kwamba imenyooka.

Na usidanganyike kwamba wapo wasio na tuta la kwanza. Mwanafunzi mmoja aliniambia hapa mjini, "Bibi, mimi sianzi na imani yoyote. Nakubali kile tu kinachoonekana." Nikamwuliza, hilo la kwamba kinachokubalika ni kile tu kinachoonekana, uliliona wapi? Lina rangi gani? Akacheka, kijana mwema, akasema atarudi. Nami nina langu la kwanza, silifichi. Naanza na Mungu aliyeumba, na Mwanawe aliyejitoa kwa ajili ya watu. Sikulifikia kwa kuhesabu. Nililipokea, kisha nikalijaribu maisha yangu yote, na nimeona linakata mteremko. Udongo unabaki. Watu wanabaki.

Hata ndani ya kanisa tunakosea. Siku hizi nawasikia vijana: Mungu huwatajirisha anaowapenda, biashara yangu imekufa, kwa hiyo Mungu hanipendi. Hesabu hiyo imenyooka kabisa, na imewaliza wengi. Usikae unajiuliza umekosa nini. Rudi kwenye lile la kwanza. Nani alikuambia kwamba upendo wa Mungu hupimwa kwa biashara? Yesu mwenyewe hakuwa na pa kulaza kichwa.

Na hoja yoyote, hata iwe nzuri namna gani, ikikufikisha mahali ambapo lazima mnyonge mmoja aangamie ili wengine mtulie, simama. Usijitetee wewe peke yako. Rudi nyuma, kuna kitu kilianza vibaya.

Mungu aliyeweka misingi ya dunia kabla hatujawa na akili ya kuuliza, akupe macho ya kuona ulipoanzia, moyo wa kuanza upya inapobidi, na ujasiri wa kusimama pale wanapokuambia uchague. Akubariki uingiapo na utokapo, wewe na utakaowazaa.

Leo, kabla ya kulala, chukua jambo moja baya unaloamini kuhusu mtu fulani. Rudi nyuma, "kwa hiyo" moja baada ya nyingine, mpaka ufike kwenye neno ambalo halina kingine nyuma yake. Jiulize nani alikupa neno hilo. Kama hujui, usimhukumu mtu huyo kesho, nenda kamsalimie.